Walawi wa Lango la Maji



Masomo: Neh 8:1-10, Lk 4:14-21

Vijana wenzangu, leo naomba ufungue Biblia mwenyewe, ya karatasi au ya kwenye simu, kwa sababu kuna aya moja ambayo ukingoja kuisikia kanisani hutaisikia. Dominika ya Tatu ya Mwaka C tunasomewa Nehemia sura ya 8, habari ya siku ile Ezra alipowasomea watu Torati baada ya wao kurudi kutoka uhamishoni Babeli. Somo la Misa likifika aya ya 6 linaruka hadi ya 8. Aya ya 7 inaachwa. Naelewa kwa nini, maana imejaa majina matupu, na msomaji wetu wa kigango angejing'ata ulimi pale kwenye Sherebia na Shabetai na Maaseya. Lakini humo humo ndimo nataka tukae leo, kwa sababu nadhani hao wenye majina magumu ni sisi.

Kwanza mahali penyewe. Hekalu lilikuwa limeshajengwa upya. Ezra alikuwa kuhani, angeweza kabisa kuwaita watu wote waje hekaluni, wanyamaze, wasikilize. Hakufanya hivyo. Walikutana uwanjani mbele ya Lango la Maji, na jina lenyewe linakuambia watu walipita hapo kwa shughuli gani. Kitabu kililetwa pale watu walipo.

Mimi nikisikia Lango la Maji naiona Nyamisati. Wewe unayeijua utanielewa. Unatoka barabara kuu pale Bungu, unaingia upande wa bahari, unakwenda na vumbi lako mpaka barabara inaisha na mikoko inaanza. Hapo gatini utakuta dunia nzima. Kuna anayevuka kwenda Mafia, anasubiri MV Kilindoni au boti. Kuna mama mwenye ndoo ya kamba wakavu, na mwanafunzi mwenye tranka anarudi shule. Kuna mgonjwa aliyelazwa kwenye mkeka kivulini, na wavuvi wa Salale na Mbwera wanaoangalia maji kama sisi tunavyoangalia saa. Maji yakipwa, hata uwe na haraka namna gani, utakaa. Na watu wakikaa pamoja muda mrefu, unaanza kuona vitu. Unaona nani anajaza jina lake mwenyewe kwenye orodha ya abiria, na nani anamsogelea kijana wa tiketi na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niandikie, nimesahau miwani." Wengine kweli wamesahau miwani. Wengine hawajawahi kuwa nayo, wala kalamu.

Sasa rudi kwenye aya ya 2 na ya 3. Mwandishi anataja waliokuwepo: wanaume, wanawake, na kila aliyeweza kusikia na kuelewa. Hapo ndani wamo watoto waliopata akili, wamo na wazee. Hakuna darasa la wakubwa na la wadogo. Walianza mapema asubuhi wakaenda mpaka adhuhuri, wote kwa pamoja, na aya inasema masikio yao yalikuwa kwenye kitabu. Huwa najiuliza nani alikuwa ananyonyesha pale katikati, na babu gani alisinzia.

Kanisa halijaisahau picha hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la Oktoba 1965, unasema haki ya kuelimishwa ni ya kila mtu, wa kila taifa, wa kila hali na wa kila umri. Hilo neno umri limewekwa pale makusudi. Sisi tukisema elimu, akili inakwenda kwa mtoto mwenye sare na begi. Mtaguso ulikuwa unamwangalia pia bibi.

Na sasa aya ya 7. Yametajwa majina 13, halafu Walawi, na kazi yao inaelezwa: waliwafahamisha watu ile sheria, na watu walikuwa wamesimama mahali pao. Hebu lione hilo. Ezra yuko juu ya jukwaa la mbao, kila mtu anamwona. Wale wengine wako chini, katikati ya umati, huyu na kundi lake, yule na kundi lake, wanafafanua. Bila wao Ezra angesoma tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na watu wangerudi nyumbani na sauti tu masikioni. Aya ya 8 inasema watu walielewa. Walielewa kwa sababu ya watu wa aya ya 7, ambao Jumapili tunawaruka.

Huku kwetu Walawi ni nani? Tusitafute mbali. Ni wewe uliyemaliza kidato cha nne, uko nyumbani, unasubiri. Unasubiri matokeo, au umeshayaona na umenyamaza. Mchana uko gatini na bodaboda ya mtu, jioni uko kibandani unachaji simu. Jumapili unaimba besi kwaya. Unasoma meseji, unasoma ujumbe mrefu wa vikundi vya mitandao mpaka mwisho, unasoma matokeo ya mpira wa Uingereza. Kusoma kwako kumekuwa kama kupumua, hukukumbuki tena.

Kuna mama mmoja jirani yetu, muuza kamba, nitamwita hivyo tu. Alikopa shilingi laki mbili kwa watu wa mikopo ile inayoitwa kausha damu. Walikuja na karatasi mbili zilizochapwa, wakamweleza kwa maneno matamu, wakamwonyesha mahali, akaweka dole gumba. Yeye alijua analipa kwa mwezi. Karatasi ilisema kwa wiki, na chini zaidi ilisema akikosa mara mbili, mashine ya boti ya mumewe ndiyo dhamana. Alikosa mara mbili, ulikuwa wakati wa maji mabaya, kamba hawakupatikana. Mashine ikaenda. Mume amekuwa mbeba mizigo gatini kwa chombo cha watu wengine.

Nimeambiwa habari hii na yeye mwenyewe, na kilichonikaa rohoni ni alichosema mwishoni, tena bila lawama: siku ile mjukuu wake wa kidato cha nne alikuwa ndani amelala. Hakutaka kumwamsha. Aliona aibu kumwita mtoto amsomee karatasi ya mkopo.

Angalia pale ndani ya nyumba ile. Msomaji yupo na karatasi ipo, hatua tano kati yao, na katikati kuna aibu. Shule ya msingi ipo kijijini, mtoto amepita humo akaenda sekondari, ada ya serikali ilishafutwa tangu 2016, kila kitu kinaonekana kimefanya kazi yake. Na bado elimu ile haikufika kwenye karatasi iliyomhusu bibi yake. Ndiyo maana nasema Ezra peke yake hatoshi. Serikali ikijenga madarasa mia, tunashukuru, lakini mtu wa kusimama chini katikati ya watu na kusema "bibi, hapa wameandika wiki, si mwezi" hajengwi kwa matofali.

Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu na mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri ulishafunguliwa, alikuwa na mfano wake juu ya hili. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki, wanampa mtu mmoja ale, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Huyo mtu akishiba asirudi, ni msaliti. Alikuwa anawasema wasomi wa enzi zake, waliokuwa wachache sana. Lakini kwa huku delta mfano huu hauna haja ya kufafanuliwa. Wewe ulipokwenda kidato cha kwanza, mpunga uliuzwa. Wadogo zako walibaki kwenye dungu shambani wanawinga ndege, wiki baada ya wiki, na mwalimu akawaandika watoro. Wengine hawakurudi darasani. Mchele uliokusomesha una jasho la mtu asiyejua kusoma, na pengine wa mdogo wako aliyeacha kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo hili limewahi kufanyika hapa hapa, tena kwa ukubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Uliofuata, 1971, serikali ilichagua wilaya sita zianze kufuta ujinga, na mojawapo ilikuwa Mafia, hapo ng'ambo tu, unapopaona pakitanda kama wingu ukiwa umeshatoka kwenye mikoko. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza redio, mmoja anasoma kijitabu, wanajadili malaria na minyoo na maji, halafu wanaondoka wakachimbe vyoo. Wazee wetu wengine bado wanakumbuka. Waulize.

Na nani alikuwa anafundisha kisomo? Walimu wa shule walikuwepo, lakini hawakutosha hata kidogo. Waliobeba kazi kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa kujitolea, na kati yao vijana waliomaliza darasa la saba. La saba, bwana. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilisemekana asiyejua kusoma ni kama mtu mzima mmoja katika kila kumi. Halafu tukalegea. Fedha zikapungua, vikundi vikafa, watu wakasahau walichojifunza kwa kukosa cha kusoma. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya mmoja katika kila watano. Yaani tulipanda mlima tukateremka tena, na walioteremka zaidi ni vijijini, na wengi ni wanawake.

Kuna kitu kingine cha Nyamisati ambacho wengi nje hawakijui. Kijiji hiki kinafahamika kwa madaktari wa malaria duniani. Kwa miaka mingi watafiti, wakiwemo wa Karolinska ya Sweden, wamefanya kazi hapa, wakitoboa vidole vya watu wazima na watoto, wakipima vimelea mwaka hadi mwaka. Ni kazi njema, watu walitibiwa, na elimu iliyotoka humo imesaidia wengi wasiojua hata Rufiji iko wapi. Ila nikiwaza, naona kijiji chetu kimesomwa sana. Wasomi wamekisoma mpaka ndani ya damu. Ningependa na sisi tuwe upande wa wanaosoma.

Najua mtakachosema, maana mmeshakisema kwenye kikao cha vijana.

La kwanza: mimi mwenyewe nimefeli, nitamfundisha nani? Nakujibu kwa karatasi ya mkopo. Ziro ya kidato cha nne inaweza kuisoma karatasi ile. Divisheni foo inaweza kumfundisha mama kusoma uzito kwenye mizani ya mnunuzi wa kamba. Mtihani ulipima mambo fulani ukakuambia hujafikia. Haukukuambia kuwa ulichonacho si kitu. Tukiwa wakweli, wengi tunalitumia kufeli kama shuka la kujifunika tusiamshwe.

La pili: watu wazima wanaona aibu. Hili ni kweli na ni zito, wala halitatuliwi kwa matangazo ya kanisani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari, mtu wa heshima zake, ameshapita miaka 30, na mwaka 1524 kule Barcelona akakaa darasani na watoto wadogo kujifunza sarufi ya Kilatini tangu mwanzo. Tunamheshimu kwa Wajesuiti na kwa mafungo yake, lakini mimi nadhani pale kwenye benchi la watoto, magoti yakiwa hayaingii chini ya dawati, alifanya jambo gumu kuliko vita alivyopigana. Lakini yeye alichagua. Usimlazimishe bibi kukaa kwenye dawati la darasa la kwanza. Mkalishe mkekani. Na usimfundishe kwa kitabu cha watoto chenye picha ya mpira na paka. Anza na jina lake. Watu wengi wazima hawajawahi kuliona jina lao likiwa limeandikwa na mkono wao, na siku wakiliona wananyamaza kidogo. Baada ya jina, namba ya simu. Kisha ule ujumbe wa kuingiza pesa, ili ajue imeingia elfu kumi au elfu moja. Kisha neno kamba. Lina silabi chache, na lina raha yake, maana ni kamba wa kula na ni kamba ya kufungia mtumbwi, mtacheka, na mtu aliyecheka hana tena aibu sana. Lugha yetu Mungu ametujalia, inaandikwa inavyotamkwa. Ng'ombe na ng'ambo ziache kwanza, zitakuja.

Tazama pia Ezra na Nehemia walifanyaje na aibu. Watu waliposikia maneno ya sheria walilia. Nadhani sehemu ya kilio kile ni uchungu wa mtu mzima anayetambua kuwa kitu hiki kilikuwepo miaka yote na hakukijua. Viongozi hawakuendelea kuwakaripia. Waliwaambia wasilie, waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Somo likaishia kwenye chakula. Kwa hiyo kisomo chetu kitakuwa na chai ya tangawizi na vitumbua, na anayedhani huo ni upuuzi asome tena aya ya 10.

La tatu lilisemwa kwa kunong'ona: wengi hapa ni Waislamu, sisi Wakatoliki tuko wachache, kwani inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu wao ni jirani, na Yesu alishamaliza swali la jirani ni nani. Muuza kamba niliyemtaja ni Mwislamu. Na tuwe na adabu. Kwenye pwani hii watu walijua kusoma kabla mmisionari hajafika. Watoto wa hapa wanakwenda madrasa na wanasoma Kurani. Wapo wazee wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kisomo cha zamani kiliwahesabu kuwa hawajui kusoma kwa sababu tu hawakujua a e i o u. Usimwambie mzee wa namna hiyo kwamba umekuja kumtoa gizani. Mwombe akuonyeshe alichoandika. Kisha mwonyeshe na wewe. Na darasa hili haliwi ndoano. Hatufundishi kusoma ili kumvuta mtu kwenye kigango, na kijana atakayefanya hivyo nitamtoa mwenyewe. Adhana ikilia tunasimamisha, wanakwenda, wanarudi.

Muda? Huku saa ya ukutani haisaidii. Ratiba ifuate maji. Wakati wa bamvua wavuvi hawapo, usiwasubiri. Maji mafu ndiyo wiki yao. Msimu wa kuvuna mpunga kina mama wako shambani, basi Mlawi achukue ubao mdogo amfuate dungu kwa dungu, na wale watoto walioacha shule kwa ajili ya ndege wakae hapo hapo wasome, na ndege wawingwe kwa zamu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 na kimbunga Hidaya mwezi uliofuata, tuliona jinsi familia zinavyohama na kila kitu kikasimama. Darasa la mkekani linahamishika na mkeka wake.

Kuna mmoja bado sijamsema, naye ananiuma kuliko wote. Ni dada yetu aliyekatiza shule kwa ujauzito. Kwa miaka mingi akishajulikana, shule ya serikali ilimfungia mlango. Novemba 2021 serikali iliufungua, anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Kwa asiyeweza kurudi shule ya kawaida, kabla hujafika Daraja la Mkapa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ikwiriri. Vyuo vya namna hii vilianza mwaka 1975, na siku hizi vina mpango wa Elimu Haina Mwisho, kwa wasichana waliokatizwa sekondari, na mtoto wake anapata mahali pa kulelewa mama akiwa darasani. Mlango upo. Lakini ameshafunguliwa na serikali, sisi jumuiya bado tumeukalia. Nani alimwondoa kwenye kwaya? Nani alisema asisome tena somo la kwanza? Nani akimwona na kitabu anauliza, tena mbele za watu, "na huyo mtoto umemwachia nani?" Kama ametubu na kupokelewa na Kristo kwenye kitubio, sisi tunaendelea kumwadhibu kwa mamlaka ya nani? Kijana wa kiume aliyehusika anaendelea kupiga kinanda, hakuna anayemuuliza mtoto wake yuko na nani.

Ninaye mmoja ninayemfahamu, ana miaka 19, mtoto wake anatambaa. Alifika kidato cha tatu. Hesabu anazijua kuliko yeyote kati yetu. Nimemwomba awe mwalimu wa kina mama wa sokoni, wa mizani na chenji, wakati anajipanga kwenda Ikwiriri. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliuliza kama anaweza kuja na mtoto. Nikamwambia uwanja wa Lango la Maji ulikuwa umejaa watoto.

Tuje kwenye Injili kidogo, halafu niwaache. Yesu anaingia sinagogi la Nazareti alikolelewa, anasimama kusoma, anapewa gombo la Isaya, analifungua na kupata mahali palipoandikwa habari ya maskini kuhubiriwa habari njema na vipofu kupata kuona. Tumezoea kukimbilia maneno yenyewe. Kaa kwanza kwenye tendo. Fundi seremala wa kijijini anapokea gombo, halina namba za sura wala aya, na anajua pa kutafuta. Anasoma. Luka ameshatuambia katika sura ya 2 kwamba alikua katika hekima na kimo, kwa hiyo kuna siku alikuwa hajui herufi na kuna siku alizijua. Katikati ya siku hizo mbili alikuwepo mtu. Pengine Yosefu, pengine Mama Maria, pengine mzee wa sinagogi mwenye kikohozi. Hakuna Injili inayomtaja. Yule mtu alimwonyesha Neno wa Mungu herufi ya kwanza kwa kidole, akamsubiri airudie. Nikiwaza hivyo siwezi kulidharau tena darasa lolote la mkekani.

Basi, mipango. Tunaanza wiki ya maji mafu inayokuja, baada ya alasiri, chini ya mkwaju kabla hujafika gatini. Kina mama saba wameshatoa majina. Babu mmoja amesema atapita tu kuangalia. Walawi tuko watano, na yule dada wa hesabu ni wa sita. Ubao tunao, chaki zipo, kalamu na madaftari VIWAWA wamechangia. Kinachokosekana ni miwani ya kusomea. Tumegundua baadhi ya wazee waliwahi kusoma kisomo na hawajasahau chochote, ni macho tu yamechoka. Kama nyumbani kwako kuna miwani ya marehemu bibi iko kwenye droo, hata mkono mmoja ukiwa umefungwa uzi, mpe dereva yeyote wa gari la Nyamisati pale Bungu, mwambie ni ya watu wa mkwajuni.